Siku sita Nullarbor, namfuata mnyama aliyebaki taya

Kwanza niseme ilivyoanza. Shemeji yangu, mume wa dada, mtu wa Mombasa, dereva wa malori toka ujana, alipata kazi Adelaide akaamua gari lake haliachi wala halipandishi treni, ataliendesha mwenyewe toka Perth. Dada na watoto wakapanda ndege. Mimi nikaombwa nisaidie usukani maana ni kama kilomita 2,700 ile. Nikamwambia sawa shem, ila nina sharti moja, tukifika Nullarbor, ule uwanda wa katikati ya njia, tunasimama ninapotaka mimi. Akauliza kuna nini huko, nikamwambia kuna mnyama. Mnyama gani? Nikamwambia hayupo.

Iko hivi. Mimi kazi yangu ni kuangalia wazee, na zamu ya usiku wazee wakishalala unabaki na chai yako na simu, sasa usiku mmoja nikawa napitia majina ya mamalia waliotoweka Australia tangu Wazungu wafike mwaka 1788, ni zaidi ya 30 aisee, hakuna bara lingine limepoteza mamalia kiasi hicho kwa kipindi hicho. Wengi wao wana angalau kitu, ngozi kwenye droo ya makumbusho, picha iliyochorwa, barua ya mtu anasema leo nimemla mmoja mtamu. Nikafika kwa mmoja hana kitu. Bettongia pusilla. Alipewa jina mwaka 1997 na mtaalamu anaitwa McNamara, kutokana na mifupa ya kwenye mapango ya Nullarbor, basi. Hakuna ngozi, hakuna nywele hata moja, hakuna mtu aliyeandika popote kwamba alimwona anaruka. Pusilla kwa Kilatini ni kadogo, kwa hiyo mimi nikawa namwita Kadogo, na toka usiku ule hakunitoka kichwani.

Siku ya kwanza, Ijumaa. Perth bado

Gari lilikuwa tayari ila nilimbembeleza shem tulale usiku mmoja zaidi, jioni twende Karakamia, hifadhi ya wanyama iko vilimani upande wa Chidlow, kama saa moja toka mjini. Nilitaka kuwaona ndugu wa marehemu kabla ya kwenda makaburini, si ndo utaratibu wetu, unaanza kwa wafiwa.

Hifadhi nzima imezungushiwa uzio mrefu ili paka na mbweha wasipite. Mnapewa kiongozi mwenye tochi, mnatembea kimya kimya, na dakika kumi hazijaisha akatokea mmoja. Hawa wanaitwa woili, ni betongi kama Kadogo alivyokuwa, yaani kangaruu lakini wa saizi ya sungura, na ana mfuko wa mtoto tumboni kama kangaruu wengine. Kilo moja na ushee hivi. Mgongo umepinda kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka, mikono mifupi kaikunja kifuani, anaruka mara tatu anasimama, ananusa, anachimba kwa kasi mpaka udongo unamrukia mwenyewe usoni, anatoa kitu anakishika kwa mikono miwili anatafuna. Ni uyoga ule unaokua chini ya ardhi, ndo ugali wake. Kiongozi akasema woili mmoja anaweza kupindua karibu tani 5 za udongo kwa mwaka, shem akasema basi apewe leseni ya greda.

Alafu kikatokea kitu ambacho mpaka leo nikikumbuka nacheka. Mwingine akapita na kifungu cha majani makavu, hakukibeba mdomoni, kakiviringishia mkia. Anaenda kutandika kitanda. Shem akaninong'oneza, "Tazama, abeba mzigo kwa mkia, na mimi jana nzima nahangaika na kamba juu ya kerieni."

Siku ya pili, Jumamosi. Perth mpaka Norseman

Siku ya kuendesha tu, kilomita mia saba na kitu, Merredin, Southern Cross, Coolgardie, mashamba ya ngano yanageuka misitu ya mikaratusi alafu udongo unakuwa mwekundu kama wa Same. Lori moja lenye trela tatu lilitupita likaturushia kajiwe, tukapata ufa kwenye kioo cha mbele, mdogo, ila kila saa shem anaupima kwa kidole kama daktari. Norseman tukafika giza limeingia. Mji umepewa jina la farasi, ati ndo aliparua ardhi kwa kwato ikaonekana dhahabu, miaka ya 1890, na wamemwekea sanamu. Farasi kaparua mara moja kapata sanamu, nikamwambia shem huyo Kadogo alichimba maisha yake yote.

Baridi ya Agosti huku sio mchezo. Tulilala na makoti.

Siku ya tatu, Jumapili. Norseman mpaka Cocklebiddy

Hapa ndo Haiwe ya Eyre inaanza rasmi. Imeitwa hivyo kwa ajili ya Edward John Eyre, Mwingereza aliyevuka mwambao huu kwa miguu na farasi mwaka 1841, karibu afe na kiu, mwenzake Baxter akauawa njiani, na aliyefika naye mwisho ni kijana mwenyeji, wa Kinoongar, anaitwa Wylie, ambaye barabara haina jina lake. Eyre aliandika sana, kila kisima, kila siku ya njaa. Na wataalamu wanamhesabu Kadogo miongoni mwa waliotoweka baada ya Wazungu kuja, sio wale wa zamani sana, maana mifupa yake sio mawe, bado ni mifupa. Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa Eyre alilala chini hapa na Kadogo anachimba mita ishirini kutoka kichwani kwake. Hao wanatoka usiku.

Balladonia tukajaza mafuta. Mwaka 1979 kituo cha anga cha Wamarekani, Skylab, kilianguka vipande vipande maeneo haya, kuna kipande wamekiweka pale rodihausi, yaani kituo cha mafuta na malazi cha njiani, na halmashauri ya Esperance iliwapiga NASA faini ya dola 400 kwa kutupa taka. Shem alifurahi na hiyo faini kuliko kitu kingine chochote cha safari nzima, alimpigia dada kumwambia.

Baada ya hapo ndo ile barabara iliyonyooka, kilomita 146.6 bila kona hata moja. Mtu unadhani utafurahi, ukweli ni kwamba baada ya dakika arobaini macho yanaanza kukuletea vitu. Mimi niliona mtu amebeba ndoo, kilikuwa kibao. Tukawa tunabadilishana usukani kila nusu saa, na shem akawa anasimulia safari za Mombasa–Kampala enzi zake, Mlolongo, Malaba, siku tatu kwenye foleni ya mpaka, yani hadithi zenyewe zina kona nyingi zikatuamsha.

Karibu na Caiguna kuna shimo pembeni ya barabara, usipokuwa makini unalipita. Kwa macho ni tundu tu kwenye mwamba, mdomo wa pipa hivi. Ukiinama juu yake unapigwa na upepo usoni. Upepo unatoka chini! Chini kule ni mapango yasiyo na idadi kwenye mawe ya chokaa, sasa hewa ya nje ikibadilika mgandamizo mapango yanavuta pumzi au yanatoa, saa nyingine linavuta saa nyingine linapuliza. Siku ile lilikuwa linapuliza. Niliweka kiganja nikakiacha pale. Ni hewa yenye ubaridi wa mtungi, ina harufu ya vumbi la chokaa, ile ya ukuta uliopakwa juzi. Shem alikataa kuinama, alisema shimo linalopumua yeye halimhusu.

Na mashimo kama haya ndo sababu tunamjua Kadogo. Uwanda wote huu umetobolewa kama chekeche. Mnyama anaruka usiku, giza, majani yamefunika mdomo wa shimo, anaingia, hatoki. Chini ni pakavu, hakuna mvua, hakuna fisi wa kusaga mifupa, anabaki pale alivyolala. Mwaka 2002 walikuta mapango ambayo ndani yake simba wa mfuko, Thylacoleo, wamelala mifupa mizima mizima, na hao ni wa zamani mno. Nilikaa pembeni ya lile tundu muda mrefu mpaka shem akapiga honi.

Tulilala Cocklebiddy. Chipsi, yai, chai ya maziwa ya unga tuliyobeba wenyewe.

Siku ya nne, Jumatatu. Madura, Mundrabilla, Eucla

Asubuhi kangaruu wawili wamekufa barabarani, baadae tai, baadae ngamia. Ngamia hai, saba, wanatembea zao. Waliletwa karne ya 19 kubeba mizigo, magari yalipokuja wakaachiliwa, sasa wamezaana mpaka serikali inawaona kero. Shem alisikitika kabisa, "Hawa wangekuwa Garissa wangekuwa na wenyewe."

Pale Madura barabara inashuka toka juu ya uwanda mpaka tambarare ya chini, ukisimama juu unaona vichaka mpaka mwisho wa dunia. Alafu Mundrabilla. Hapa nilimsimamisha shem ingawa hakuna cha kuona, maana maeneo haya mwaka 1966 ndani ya pango walikuta tailasini, yule anayeitwa chui wa Tasmania, mwenye mistari mgongoni, amekauka na ngozi yake na manyoya yake, wakampima ana zaidi ya miaka 4,000. Bara lote hili walishatoweka zamani wakabaki Tasmania peke yake. Sasa fikiria. Huyu wa miaka elfu nne tunaijua mistari yake. Kadogo pengine alikuwa anaruka wakati bibi yake bibi wa mtu fulani bado yupo hai, na rangi yake hakuna anayeijua. Kijivu? Kahawia? Mkia una kishungi cheusi kama wa woili au hauna? Mtu akikuchorea picha yake ujue kamvalisha nguo za binamu.

Eucla tukafika mchana, na hapo ndo tukachanganyikiwa na saa. Huku kando ya barabara wana saa yao, dakika 45 mbele ya Perth na dakika 45 nyuma ya Adelaide, simu yangu inasema hivi, ya shem inasema vile, ya rodihausi ukutani vingine. Shem akasema yeye anaswali kwa jua, jua halina mambo mengi. Shida yake ilikuwa kibla tu, miaka yote Mombasa unaelekea kaskazini, huku ni magharibi, unainua kidogo kaskazini, na kila mara anaanza kusimama vibaya anajicheka anageuka.

Jioni tukashuka kwenye magofu ya kituo cha telegrafu, zile simu za waya, kilifunguliwa 1877, wakati wake kilikuwa na kelele za kazi mchana na usiku. Sasa ni kuta za mawe zimezama kwenye mchanga mweupe, unasimama usawa wa madirisha. Waliofukia sio upepo peke yake. Miaka ya 1890 sungura walifika huku kwa malaki, wakala mimea yote iliyokuwa imeshika matuta ya mchanga, matuta yakaanza kutembea. Sungura waliletwa na Wazungu kwa ajili ya kuwinda tu, burudani. Paka nao walikuja na meli, wakaenea bara zima, tena kuna sehemu watu waliwaachia kwa makusudi wakamalize sungura. Mbweha wakafuata, mwanzoni mwa karne ya 20 wakawa wameshavuka mpaka Australia Magharibi. Sasa uwe na kilo yako moja, au pungufu, umezoea kukimbia tai na mbwa mwitu wachache, alafu kila usiku kuna paka. Sungura wanakula majani yako, paka na mbweha wananenepa kwa sungura, na wewe ni kitafunwa cha njiani. Hata budi, betongi mwingine ambaye alikuwa ameenea sehemu kubwa ya bara hili na kuchimba mahandaki kama mji, aliisha bara zima katikati ya karne iliyopita akabaki visiwani tu, mahali ambapo mbweha hajafika.

Usiku, tumekaa na chai, shem akaniuliza swali la maana kuliko yote ya safari. "Sasa hao wataalamu walijuaje si mtoto? Mimi ukinipa taya dogo nitasema mtoto wa huyo budi."

Nilifurahi mpaka nikasimama. Nikamwambia meno shem, kila kitu kiko kwenye meno. Betongi ana jino moja mbele ya magego, refu, lina mistari ya kushuka chini ubavuni na ukingo wa msumeno, ukiliangalia ni ulimi wa mbuzi, sio mbuzi wa nyama, mbuzi ya kukunia nazi. Sasa jino hilo haliji utotoni. Mtoto ana meno ya maziwa pale, akikua yanasukumwa yanatoka na mbuzi inapanda. Kwa hiyo ukikuta taya dogo na mbuzi ishapanda kabisa, na magego ya nyuma yameshalika kwa kutafunia, huyo sio mtoto. Ni mtu mzima mfupi.

Shem akafikiri. "Kama mjomba Saidi."

Kama mjomba Saidi.

Akauliza tena, na walijuaje ni wa jamii ya kangaruu na sio panya? Nikamwonyesha kwa mkono wangu. Mamalia wa mfuko wengi kona ya nyuma ya taya la chini imekunjika kwa ndani, inafanya kijirafu, ukililaza lile taya mezani unaona kama ukingo wa sahani. Panya hana kijirafu hicho. Na kwenye nyonga wana mifupa miwili ya ziada inayoelekea mbele, sisi hatuna. Mifupa inasema mengi ukiijua. Ila haisemi sauti. Woili wa Karakamia alipotuona alikoroma kidogo puani kabla ya kukimbia, sasa sijui Kadogo naye ndo hivyo.

Kuna mwingine wa ukoo huo, betongi wa jangwani, yeye ana bahati kidogo kuliko Kadogo, alikamatwa mmoja mwaka 1933 karibu na ziwa Mackay, fuvu lake likatunzwa, ikajulikana alikuwepo hai miaka hiyo. Fuvu moja. Kwanza alihesabiwa kama aina tu ya woili, baadae akachanganywa na budi, mpaka 2015 wakamtenga awe spishi yake. Shem alikuwa ameshalala hapo.

Siku ya tano, Jumanne. Uwanda wenyewe

Watu wengi hawajui, mimi pia sikujua, sehemu kubwa ya barabara hii haipiti kwenye Nullarbor yenyewe. Jina ni Kilatini, bila mti. Uwanda ni kama kilomita za mraba 200,000, pungufu kidogo ya Uganda nzima, jiwe moja la chokaa ambalo zamani lilikuwa sakafu ya bahari, ila barabara inaukata pembeni tu, karibu na rodihausi ya Nullarbor. Unajua umefika kwa sababu unatafuta mti unaukosa. Vichaka vya kijivu vinavyofika goti, vyenye majani ya chumvi, basi. Shem aliteremka akazunguka mara moja mzima akasema, "Hapa mtu akikudai hakupati pa kujificha wewe." Alimaanisha kinyume nadhani.

Tukaandikisha chumba alafu tukachukua njia ya vumbi kama kilomita 10 kaskazini mpaka mapango ya Murrawijinie. Yako matatu, na unayaona ukiwa umeshayafikia, ardhi inazama ghafla mbele yako kama dari limebomoka, ndivyo ilivyokuwa kweli. Mbayuwayu wanaingia na kutoka. Ndani kuna alama za mikono ya watu, mikono ilibandikwa ukutani ikapuliziwa rangi nyekundu. Hii nchi ina wenyewe, Wamirning na wenzao, tangu maelfu na maelfu ya miaka. Nilivyoona tu ile mikono nikajirekebisha kichwani. Nilikuwa nasema hakuna aliyemwona Kadogo. Waliomwona wako hapa. Walimwona, walimwinda, watoto wao walimfukuza, na lazima walikuwa na jina lake ambalo sio Kilatini. Asiyemwona ni yule mwenye daftari.

Mimi mtu wa Tanga, nimekulia na mapango ya Amboni, chokaa hiyohiyo, shuleni tulipelekwa kwa lori tukaambiwa kuna mbwa aliingia humo akatokea Kilimanjaro. Kwa hiyo sikuogopa. Shem alibaki juu na sababu yake ilikuwa bundi.

Maana nilikosea nilipomweleza njiani. Nilimwambia mifupa ya wanyama wadogo inaingia mapangoni kwa njia mbili kubwa, wanaanguka wenyewe au wanaletwa na bundi. Bundi anameza mawindo, nyama inasagika, nywele na mifupa vinafungwa donge tumboni, anavitema kwenye kijukwaa chake cha kulala. Kila siku, mwaka baada ya mwaka, ukoo baada ya ukoo wa bundi kwenye kijukwaa kilekile, chini panakuwa na tuta la mifupa midogo ambalo mtaalamu akilichekecha anapata sensa ya wanyama wa kijiji kizima. Shem alisikiliza yote alafu akasema, "Kwa hivyo twaenda nyumbani kwa bundi." Kwao bundi akilia juu ya paa watu wanaanza kuhesabu wagonjwa. Kwetu pia, tusidanganyane.

Sikwenda ndani sana, sikuwa na vifaa na sio pa kwenda kichwa kichwa. Lakini karibu na mdomo, chini ya kijukwaa cha mwamba chenye madoa meupe, nilikuta donge. Saizi ya kidole gumba, kijivu, jepesi kama sufi. Nilichuchumaa nikaligeuza kwa kijiti. Lilikuwa limeshaanza kufunguka lenyewe, nywele laini zimeshikana, na ndani vijifupa vyeupe kama punje za mchele uliovunjika, na taya. Taya la chini, nusu, urefu wa kucha yangu.

Moyo ulinipiga bana, siwezi kuficha. Niliwasha tochi ya simu nikalala kifudifudi kwenye vumbi. Kona ya nyuma: imenyooka, hakuna kijirafu. Jino la mbele: moja refu, limepinda, rangi ya chungwa. Panya. Kijipanya cha nyumbani, kilekile kinachokula unga jikoni, naye alikuja na meli kama sungura na paka. Ndo chakula kikuu cha bundi wa aina hii siku hizi sehemu nyingi za Australia. Bundi hakubadilisha nyumba wala kazi, kilichobadilika ni kilichopo sahanini.

Nikaliacha palepale, ni makosa kuchukua, na hata ingekuwa ruhusa ningelipeleka wapi. Nilipopanda shem aliniangalia vumbi toka kidevu mpaka magoti, akauliza, "Umempata?" Nikasema nimempata panya. Akasema panya hata Perth tulikuwa nao, akawasha gari.

Wakati wa kurudi tuliona vichuguu vipana vya mawe ya chokaa yaliyotupwa nje, na sungura wanazama humo. Yanaaminika kuwa mahandaki ya zamani ya budi, yule betongi mchimbaji. Wenyewe hawapo, nyumba zina wapangaji.

Siku ya sita, Jumatano. Nyangumi, alafu Ceduna

Asubuhi Head of Bight, mwendo mfupi toka rodihausi. Bara linaisha hapa kama mkate uliokatwa kwa kisu, magenge yanashuka wima mpaka baharini, na chini kwenye maji ya rangi ya samawati walikuwepo nyangumi na watoto wao, huja msimu wa baridi kuzaa na kulea. Tulihesabu tisa alafu tukapoteza hesabu. Mmoja aligeuka ubavu akainua pezi kama anasimamisha daladala. Hapa shem ndo alikuwa mimi, alikaa saa mbili na nusu, hakutaka kuondoka, alirekodi mpaka simu ikajaa. Na sikumpigia honi.

Baada ya hapo Yalata, Nundroo, miti imerudi, ngano imerudi, na kazi ya kula. Ceduna kuna ukaguzi, huingizi matunda wala mboga kwa sababu ya nzi wa matunda, na shem alikuwa amebeba machungwa kilo tatu toka Perth na kukataa kuyatupa. Tukala machungwa kilomita mia mbili. Vidole vinanata kwenye usukani.

Jua linazama tukiwa tumeshapita Penong, ule mji wa vinu vya upepo, mwanga ni ule wa njano unaofanya kila nguzo ya uzio iwe na kivuli kirefu mpaka ng'ambo ya barabara. Shem ndo alimwona. Alipunguza mwendo, akawasha indiketa hata hakuna gari nyuma yetu, akasimama kabisa.

Bundi juu ya nguzo, mweupe kifuani, uso wa sahani, umbali wa kutoka hapa mpaka mlangoni. Alitugeuzia shingo yote bila kugeuza mwili. Kwenye kucha alikuwa na kitu kidogo, mkia unaning'inia.

"Huyo ndiye karani wako," shem akasema.

Nikasema ndiye.

Tulimwangalia kama dakika moja, injini inaunguruma, harufu ya maganda ya machungwa gari zima. Bundi akainama, akameza, kichwa kwanza, mkia ukaenda mara mbili. Nilishusha kioo nimpige picha, na shem akakipandisha kwa swichi ya upande wake.

"Karani sawa," akasema, "lakini bundi ni bundi," akatia gia.